T'nalak, Nguo ya Lake Sebu

Lake Sebu ni mji wa milimani katika jimbo la South Cotabato, kisiwani Mindanao, kusini mwa Ufilipino. Wengi huuzuru kwa ajili ya maporomoko yake saba na ziwa lenye mayungiyungi. Hata hivyo, fahari yake kuu ni t'nalak, nguo ya abaka inayofumwa na wanawake wa Kitboli, na mgeni atauelewa mji huu vizuri zaidi akianzia kwa wafumaji.

Abaka ni mmea wa jamii ya mgomba. Shina lake hubanduliwa maganda, na kila ganda huvutwa chini ya makali ya kisu hadi zibaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo hazisokotwi; huchambuliwa na kuungwa ncha kwa ncha kwa vifundo vidogo mno. Kisha mtande hufungwafungwa pale ambapo rangi haitakiwi kuingia. Weusi hutangulia, nao hutokana na majani ya mti uitwao knalum, yanayochemshwa kwa muda mrefu. Baadaye baadhi ya vifungo hufunguliwa, na sehemu hizo hupata wekundu wa mizizi ya loko. Palipobaki pamefungwa hadi mwisho huwa na weupe wa abaka yenyewe. Haya yote hufanyika bila mchoro wowote! Nakshi nzima imo kichwani mwa mfumaji, naye hukipa kila kifungo mahali pake muda mrefu kabla nguo haijaonekana.

Watboli huamini kuwa nakshi huletwa ndotoni na Fu Dalu, pepo wa abaka. Kwa hiyo nguo hii hupewa heshima: haikanyagwi, hutolewa katika mapatano ya ndoa, na humfunika mama anayejifungua. Hufumwa zaidi asubuhi na jioni kukiwa na ubaridi, kwani joto hukatisha nyuzi. Mwishowe hupigwa dondo, yaani husuguliwa kwa kombe la kauri hadi ing'ae.

Bingwa wa sanaa hii alikuwa Lang Dulay, aliyefundishwa na mama yake tangu akiwa na umri wa miaka 12. Alijua nakshi zipatazo 100, na mwaka 1998 serikali ilimtunukia hadhi ya hazina hai ya taifa. Alishikilia nakshi za kale na kuwarithisha wanawake wengine wa jamii yake hadi alipofariki mwaka 2015.

Chakula cha mji ni tilapia, anayefugwa katika vizimba ziwani na kupikwa kwa namna nyingi kandokando ya maji. Msomaji wa Mwanza atamtambua mara moja: ni sato, samaki mwenye asili ya Afrika. Vizimba vimelilemea ziwa, na mara kwa mara samaki hufa kwa wingi maji yakikosa hewa. Wenyeji huuita msiba huo kamahong. Kati ya maporomoko, Hikong Bente ndilo refu kuliko yote. Novemba huwa na Helobung, tamasha la ngoma na mavazi ya Kitboli.

Anayetaka t'nalak ainunue kwa mfumaji mwenyewe, tena aiache nzima, kwa maana Watboli huamini kuwa kuikata ovyo huleta maradhi.