Mkono wa Fundi wa Faiba

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ya unga, Mbekenyera na Nachingwea, mkoani Lindi, huvaa vumbi la njano: liko kwenye majani, kwenye nguo, hata kwenye chai. Kwa fundi anayeunga faiba, hilo ni adui. Njia ya mwanga ndani ya uzi ule wa kioo ina upana wa maikromita 9 tu. Uzi wenyewe, ukishamenywa ganda, ni 125. Chembe moja ikikaa katikati ya kiungo, mwanga unapotea.

Mtazame anayeijua kazi. Kwanza huvisha slivu, kile kibomba cha plastiki kitakacholinda kiungo. Akisahau akaunga, hana ujanja: anakata na kuanza upya. Humenya ganda, kisha hufuta uzi kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, akivuta upande mmoja tu, mpaka kioo kilie.

Halafu anakata, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kisu hukwaruza kidogo tu, kioo kikapasuka chenyewe na kuacha uso ulionyooka. Kipande kinachobaki hakitupwi chini. Hutiwa kwenye kichupa, maana kikimchoma mtu hakionekani wala hakitoki kirahisi. Mashine inalinganisha ncha mbili, cheche ya umeme inapiga, kioo kinashikana. Skrini inakadiria upotevu: desibeli 0.02, safi. Ikisoma 0.1, fundi mwenye staha anavunja na kuunga tena, hata kama bosi ameshawasha gari.

Rangi za nyuzi ni 12, bluu ikitangulia, kisha chungwa, kijani, kahawia, na kuendelea. Anazijua kwa moyo. Akichanganya mbili, mawasiliano ya benki yanakwenda hospitali.

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa, mtandao wa faiba wa nchi, ulianza mwaka 2009, mwaka uleule kebo ya baharini ya Seacom ilipotua Dar es Salaam. Mei 2024, Seacom na kebo nyingine, EASSy, zilipokatika baharini, nchi nzima ilijua thamani ya kiungo. Kule iliitwa meli. Huku bara, greda la barabara likikata kebo, anayeitwa ni kijana mwenye mashine mkobani, na atafungua kazi yake palepale penye vumbi, chini ya turubai.

Kijana huyo hafundishwi kwa slaidi. VETA ina chuo cha TEHAMA Kipawa, na vyuo vyake vingine vimetapakaa mikoani, Lindi ikiwemo. Mashine za kuungia ni ghali, kwa hiyo kishawishi ni mwalimu kuunga huku darasa likitazama. Hapo hapatoki fundi, panatoka mtazamaji mwenye cheti. Mkono hujifunza kwa kuharibu.

Basi ninyi wenye kupanga bajeti za vyuo, kabla ya projekta mpya, nunueni faiba ya kuharibiwa, na mumwachie kijana wa Mbekenyera mashine mpaka achoke mwenyewe.