Siku 17 nje ya seng'enge: kumsoma Felice Benuzzi ukiwa Homa Bay

Ukiwauliza wapanda milima wakupe kitabu kimoja kabla hujagusa Mlima Kenya, wengi watakutajia No Picnic on Mount Kenya cha Mwitaliano Felice Benuzzi. Huku kwetu kando ya ziwa mtu ana haki ya kuuliza: ya nini? Mlima wetu ni Got Asego, kilima kilichochongoka juu ya mji wa Homa Bay. Unakipanda asubuhi na kufikia saa nne uko chini sokoni unabishana bei ya omena. Kwa Dholuo neno got linatosha kwa kilima hicho na kwa Everest pia, na kitu kilicho karibu zaidi na theluji tunachokijua ni pe, ile mvua ya mawe inayotoboa mabati. Lakini kitabu hiki kinatuhusu, na si kwa njia ambayo mwandishi wake alikusudia.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Benuzzi alikuwa mateka wa vita katika kambi ya Waingereza namba 354, Nanyuki. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakutoroka ili kwenda kwao. Walitaka kupanda mlima waliokuwa wakiuona kila siku ng'ambo ya seng'enge, kisha warudi kambini wenyewe. Barsotti aliugua akabaki kwenye hema. Balletto na Benuzzi walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Wakapanda Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera ya Italia, wakateremka njaa ikiwatafuna, wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa. Mkuu wa kambi, aliyependezwa na ujasiri wao, akawatoa baada ya siku saba.

Sehemu bora ya kitabu, kwa maoni yangu, inakuja kabla ya mlima. Ni zile kurasa za kambini, ambapo muda umeoza. Mateka hajui vita itaisha lini, kwa hiyo kesho yake haina sura. Kila kijana aliyemaliza chuo akakaa nyumbani Rongo au Mbita akingoja simu ya kazi isiyopigwa anaijua hiyo hali vizuri kuliko profesa yeyote wa fasihi. Benuzzi anaonyesha kwamba mlima ulikuwa kwanza dawa ya kalenda. Mara tu wanapoamua kutoroka, siku zinarudi kuwa siku: leo tutafute chuma, kesho tufiche chakula, kesho kutwa tuchonge ufunguo wa geti. Kamba zao zilitokana na katani ya vitanda. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu yalifuliwa kwa vyuma vya taka, na nyundo zikageuzwa kuwa mashoka ya barafu. Ramani hawakuwa nayo, ila mchoro wa mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Jua kali wote, kabla jina hilo halijazaliwa.

Ni kitabu chenye ucheshi pia, na ucheshi huo ndio unaonitia wasiwasi. Unatufanya tusahau walikuwa karibu kufa kiasi gani.

Mlima Kenya uko karibu sana na ikweta hivi kwamba hauna kipupwe kimoja, una viwili vinavyopokezana. Kuanzia Desemba hadi Machi jua liko kusini, na uso wa kaskazini unakaa kivulini, mwamba umefunikwa theluji na barafu. Kuanzia Juni mambo yanageuka, kusini ndiko kunakoganda. Wapandaji wa leo hupanga safari kwa kufuata hilo. Benuzzi na Balletto waliuvamia Batian mwezi wa Februari kwa ukingo wa kaskazini-magharibi. Yaani, bila kitabu cha kuwaongoza, waliingia upande ambao ulikuwa katika kipupwe chake. Ukishajua hivyo, ile sura ya dhoruba inasomeka tofauti. Mwandishi anaiandika kama mlima uliokasirika. Mlima haukukasirika. Ulikuwa tu katika msimu wake.

Hapo ndipo msomaji wa Migori anaweza kumfundisha mhakiki wa Ulaya kitu. Wataalamu wa theluji wanasema poromoko baya hutokea pale bamba gumu la theluji linapokaa juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko wa nyuzi kama 30 hadi 45. Juu kunaonekana imara, chini kumeshaoza. Mara nyingi anayeliangusha ni yule yule linalomzika, kwa uzito wake mwenyewe. Akifukuliwa ndani ya robo saa ana matumaini; baada ya hapo yanapungua kwa kasi. Sasa msomee maelezo hayo mtu wa Nyatike, anayechimba dhahabu Macalder au Osiri. Hatahitaji picha. Anajua ukuta wa shimo uliokauka juu na kulowa ndani baada ya mvua. Anajua wenzake wakifukua kwa mikono na majembe huku kila mtu akihesabu dakika kimoyomoyo.

Tofauti iko wapi? Fasihi ya milima imejengwa juu ya mtu anayechagua hatari. Tunamwita jasiri kwa sababu angeweza kubaki kitandani. Mchimbaji wa Nyatike anapata aya nne gazetini, tena kama shimo limeua wengi. Sisemi Benuzzi ana kosa hapo. Yeye aliandika maisha yake. Nasema sisi tunaosoma tumezoea kudhani kwamba hofu ya mtu aliye kwenye kamba ni ya kifalsafa, na hofu ya mtu aliye shimoni ni ya tumbo tu. Nani alituambia hivyo?

Lenye kosa kweli ni jicho lake kwa wenyeji. Kabla ya vita Benuzzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Ethiopia. Katika kitabu anaililia uhuru wake kwa maneno mazuri sana, bila kusimama hata kidogo kufikiria kwamba alitekwa katika nchi ambayo watu wake waliporwa wao. Waafrika katika hadithi yake ni vivuli: mtu wa kukwepwa msituni, sauti ya mbali shambani. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1952. Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na msitu ule ule wa Mlima Kenya ukawa maficho ya watu ambao wakikamatwa hawakupewa siku saba na pongezi.

Bendera nyingine ilipanda mlima huo Desemba 1963, mikononi mwa Kisoi Munyao, usiku wa uhuru. Picha yake tunaijua wote. Alifariki mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya maisha magumu. Kitabu chake, yaani yeye akituambia mwenyewe upepo ulikuwaje na vidole viliganda vipi, mimi sijawahi kukishika. Na Mei 2024 Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, alikufa karibu kabisa na kilele cha Everest akipanda bila mtungi wa oksijeni. Mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, hakurudi pia. Mitandaoni Wakenya waligawanyika: wengine shujaa, wengine "kwani alitumwa na nani?" Jina la Nawang lilitajwa mara chache sana. Vivuli vya Benuzzi bado vipo, vimehamia Himalaya tu.

Jambo moja zaidi kuhusu kukisoma kitabu hiki sasa. Mto wa barafu wa Lewis, ulio chini ya Lenana, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Barafu ilikuwa gundi. Ikiyeyuka, mawe iliyoyashika yanaachia, na anayepanda leo anatazama juu akihofia mwamba kuliko theluji. Kwa hiyo kurasa za Benuzzi zimekuwa kumbukumbu ya mlima ambao haupo tena, jambo ambalo hangeweza kulipanga.

Ningependa kuona mtu akizitafsiri kwa Kiswahili, na ningependa zaidi kuona anavyohangaika. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, mwongozaji wake aliuita kwa neno moja tu: baridi. Wasomi wa London walimcheka Rebmann, ati theluji ikweta haiwezekani. Tangu hapo tumepata theluji, barafu, sakitu. Lakini lile bamba gumu lililokalia tabaka bovu, mtafsiri ataliitaje? Ningemshauri aanzie Nyatike, awaulize wachimbaji ukuta wa namna hiyo wao wanauitaje.