Kutambulika Bila Kuanikwa

Ukubwa wa kazi ya msanifu wa vitambulisho umeshaamuliwa kabla hajaigusa kompyuta. Kadi ya kitambulisho ina milimita 85.6 kwa 53.98 na unene wa 0.76, iwe imechapwa Mombasa au Mwanza, kwa kuwa ndivyo kiwango cha kimataifa, ISO 7810, kinavyoagiza. Mchora mabango akibanwa na nafasi huomba bango kubwa zaidi. Msanifu wa vitambulisho hana wa kumwomba. Katika eneo hilo dogo anatakiwa kuweka nembo, picha, jina, cheo, namba, tarehe ya mwisho wa matumizi na msimbopau. Na mteja aliyesimama kwenye kaunta ya steshenari anataka vyote vionekane, nembo kuliko vyote.

Ustadi huanzia kwenye kukataa. Fundi hujiuliza kwanza nani atakayeisoma kadi hii: mlinzi wa getini, msimamizi wa mtihani, muuguzi wa zamu. Hao wanatafuta sura, kisha jina, kisha tarehe. Basi picha hupewa nafasi yake, jina likafuata kwa herufi nzito, nembo ikasogea pembeni. Na jina lenyewe ni mtihani. Anayejaribia muundo wake kwa Ali Juma atafurahi mapema mno. Siku akifika mwenye majina matatu marefu, Mwanakombo na Abdulrahman yakiwa mawili kati ya hayo, herufi za mwisho zitamezwa na ukingo, na mwenye kadi ataonekana mtu mwingine mbele ya karani. Fundi mwadilifu huanza na jina refu kuliko yote kwenye orodha, na la Ali halipungukiwi kitu.

Mengine anayoyajua hayaonekani kabisa. Katika printa nyingi za kadi, utepe una sehemu za njano, majenta na samawati, ambazo joto huzigeuza mvuke ukazama kwenye plastiki. Ndiyo maana ngozi ya uso hutoka laini. Nyeusi ina sehemu yake, nayo hukaa juu ya kadi kwa makali. Asiyejua huacha maandishi yachanganywe kutokana na zile rangi tatu, yakatoka na ukungu kingoni na msimbopau ukagoma kusomeka. Anayejua huagiza nyeusi tupu, huacha weupe pande zote mbili za msimbopau, na hukumbuka tundu la kamba ya shingoni lisije likatoboa paji la uso wa mtu.

Wala mpangilio si pambo tu. Nchini Kenya, sheria ya 1915 iliwalazimu wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ilikuwa na alama za vidole, na nafasi ya mwajiri kujaza mshahara. Aliyeipanga karatasi ile aliamua mapema nani ataandika na nani ataandikwa.

Kila kisanduku anachochora msanifu wa leo ni uamuzi wa aina hiyohiyo. Shule ikitaka dini ya mwanafunzi na simu ya mzazi vichapwe mbele ya kadi, ni yeye anayeweza kuuliza: vya kazi gani? Kadi hudondoka daladalani, na anayeiokota husoma yote. Rangi nzuri mashine inaweza kuzitoa. Fundi huyu namsifu kwa kujua kwamba mwenye kadi anastahili kutambulika bila kuanikwa.