Mlio Mmoja, Mara Nne

Penseli zake ni tatu, na zote huzichonga kwa kisu cha jikoni kabla hajafungua kitabu. Huzichonga polepole, akiizungusha penseli badala ya kisu, mpaka ncha iwe nyembamba kama mwiba wa mchongoma. Mezani pana daftari la jalada gumu, kifutio, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kamusi ya njano ya Langenscheidt iliyokatika mgongo, na kitabu chenyewe: mkusanyo wa hadithi fupi za Kijerumani ulioachwa na mgeni kando ya bwawa la kuogelea huko Diani, pwani ya Kenya. Kurasa zilipata maji zikavimba, naye akazibandua moja moja kwa ukucha ili zisichanike.

Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi katika mapokezi ya hoteli. Kijerumani alikiokota kaunta: kwanza funguo na mizigo, kisha maswali kuhusu mbega na kupwa kwa maji, na mwishowe vitabu ambavyo wageni waliviacha masanduku yalipozidi uzito. Tangu astaafu yuko kwao Msambweni, barazani, akifasiri hadithi moja baada ya nyingine bila kuagizwa na mtu. Aliniomba nisimtaje jina. Nilikaa naye asubuhi sita katika msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na wavuvi wengi wako nchi kavu.

Hadithi aliyokuwa nayo ni ya Heinrich Böll, ambaye mwaka 1972 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Aliiandika mwaka 1963 kwa ajili ya kipindi cha redio cha Sikukuu ya Wafanyakazi. Ni fupi sana. Mvuvi aliyevaa nguo chakavu amejilaza ndani ya chombo chake bandarini. Mtalii aliyevaa vizuri anampiga picha, kisha anamhoji: mbona hurudi baharini leo? Angeenda mara mbili, mara tatu, angenunua mashine, chombo cha pili, akajenga chumba cha baridi, hata akapata helikopta ya kutafutia makundi ya samaki. Halafu? Halafu angetulia hapa bandarini, apumzike juani. Mvuvi anamjibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akilifanya, mpaka mlio wa kamera ulipomwamsha.

Mtu wa Diani hahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Ndiyo sababu ni ngumu kuifasiri, kwa kuwa msomaji anayajua yote na atalisikia kila neno lililokaa vibaya.

Siku ya kwanza Mzee hakuandika chochote. Aliisoma kwa sauti mara tatu, kwa Kijerumani, kidole kikifuata mstari. Kila alipofika kwenye mlio wa kamera aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Niliyahesabu mapigo: matatu yakifuatana, na la nne mbele kidogo. La nne si kamera. Ni kiberiti cha gesi, mtalii anapomwashia mvuvi sigara. Kijerumani kina neno moja kwa milio yote miwili, na Böll analitumia makusudi: ukarimu wa yule mgeni unalia sawasawa na usumbufu wake.

Siku ya pili akaanza rasimu. Huandika mstari mmoja akaruka mmoja, ili juu ya kila mstari pabaki nafasi ya kusahihisha. Akikwama hasimami. Huchora duara dogo, ndani yake akaweka neno la muda, akaendelea. Kufikia adhuhuri kulikuwa na maduara kumi na manne. Akafunga daftari akaenda kuswali.

Siku ya tatu ilikuwa ya maduara, na duara la kwanza lilikuwa ule mlio. Aliandika "chwa", akafuta, kwani hayo ni maji. Akaandika "pa", akafuta, kwani hicho ni kibao. Akaniomba simu, akapiga picha ukuta akiwa amefumba macho. Akaenda jikoni kuchukua kiberiti cha gesi, akakiwasha sikioni pangu, kisha pake. Kiswahili kina kitenzi kizuri hapa, kualika, mlio wa kitu kikavu kama vidole vinavyovunjwa, na alikijua. Lakini kualika pia ni kukaribisha, na hakutaka msomaji asimame kuicheka tamathali ambayo Böll hakuiweka. Saa nne zilipita, saa tano zikapita. Mwishowe akaandika "ka", herufi mbili, mara nne, na kila mahali akalitenga kwa nukta. Akasoma ukurasa mzima kuanzia juu akigonga meza. Mapigo yote manne yaliingia.

Duara lililonishangaza zaidi halikuwa na neno ndani. Lilikuwa tupu, pale mtalii anapofungua mdomo mara ya kwanza. Kwa Böll anaingia moja kwa moja: leo utapata samaki wengi. Hakuna salamu. Mjerumani akisoma hapo huenda asione kitu, lakini kwetu mtu anayemwendea mvuvi ufukweni bila hata "habari za asubuhi" amekwisha jitambulisha. Nilimwuliza kama haingefaa kuongeza salamu, ili hadithi ikae kwa adabu yetu. Akatikisa kichwa.

"Nikimtia salamu mdomoni, mwanangu, nitakuwa nimemlea. Mwache alivyokuja."

Duara likabaki tupu, kisha akalifuta lote, pakawa pasafi.

Mengine yalikwenda haraka. Samaki aina ya makreli wakawa vibua, karibu dazeni mbili. Kamba wanne wakubwa wakawa kamba mawe, na vikapu vya kuwategea vikawa malema. Chombo kikawa dau.

Siku ya tano tulishuka Mkunguni, pwani ya Msambweni ambapo samaki hupokelewa. Wanaume saba walikuwa kivulini, wengine wakishona nyavu, mmoja akisuka lema. Mzee alisalimia kila mtu kwa jina, akaulizia watoto, akaketi juu ya dau lililopinduliwa, na ndipo akafungua daftari. Hakusema ni hadithi ya nani wala ya wapi. Akasoma kwa sauti ya kawaida, penseli ikiwa sikioni.

Alipomaliza tu sentensi ya kwanza ya mtalii, mshona nyavu mmoja alimkatiza: "Huyo hana salamu?" Mzee hakujibu. Aliitoa penseli sikioni, akatia alama ndogo pambizoni, akaendelea kusoma.

Penye malema walimpinga. Huku kamba mawe huzamiwa, walisema. Alisikiliza mpaka mwisho, akaeleza kwamba mvuvi huyu ni wa pwani nyingine, akayaacha malema yake. Penye helikopta walicheka, na mmoja akauliza mafuta yake yangelipwa na nani. Kisha mzee kuliko wote, aliyekuwa kimya, akasema usingizi wa mvuvi haukusemwa sawa. "Umeandika anasinzia. Kusinzia ni kwa aliyeketi, kichwa kinaanguka. Huyu kalala, yumo na hayumo. Huo ni usingizi wa mang'amung'amu."

Neno lilikuwa sahihi kabisa, na mtu mwingine angelinyakua. Mzee wangu aliliandika pembeni, na jioni nilimkuta akilipima. Neno la Böll ni fupi, linapita kama pumzi, na linajirudia. Mang'amung'amu likirudiwa lingeuelemea ukurasa. Akaliweka mara moja tu, mwanzoni, mvuvi anapoonekana, na penginepo akaacha kusinzia. Likishatajwa mara moja, alisema, litabaki linasikika.

Siku ya sita alinakili yote kwa kalamu ya wino, mistari ikiwa imebanana sasa, bila duara. Kisha akafungua daftari jingine, kwani huwa na hadithi mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ya pili ni ya Mmarekani, Ernest Hemingway, iliyotoka mwaka 1927: mwanamume na msichana wanangoja treni Hispania, mbele yao vilima ambavyo msichana anavifananisha na ndovu weupe. Mwandishi huyo alifika pwani hii. Mwaka 1954, baada ya ajali mbili za ndege mfululizo nchini Uganda, alikuja kuvua Shimoni, kusini kidogo ya hapa, na huko moto wa msituni ukamuunguza. Mwaka huohuo akapata Nobel. Mzee aliyataja hayo mara moja tu na kurudi kwenye sentensi. Kinachomshughulisha kidogo ni ndovu, maana msomaji wa hapa Kwale ana vilima vya Shimba, na ndovu wake ni wa kweli.

Kazi kubwa iko kwingine. Mwanamume anamshawishi msichana akubali upasuaji mdogo, ila wa nini, hadithi haisemi hata mara moja. Kiingereza kinalificha jambo ndani ya kiwakilishi kisichobagua kitu. Kiswahili hakina kiwakilishi cha namna hiyo, kwa kuwa kila kitu kina ngeli yake. "Huyo" ni mtoto. "Huo" ni upasuaji wenyewe. "Hiyo" inakwenda moja kwa moja kwenye mimba, na siri imetoka. Amechagua "hilo", ambalo laweza kuwa jambo, neno, shauri au kosa.

Alikuwa akipitia ukurasa wa tatu, penseli ikielea juu ya mistari bila kugusa, ikasimama. Katikati ya maneno ya mwanamume palikuwa na "hiyo" moja iliyomponyoka. Akaigeuza karatasi kuelekea mwangani, akashika kifutio kwa pembe yake, akafuta herufi moja tu. Akapuliza vumbi la kifutio, akaandika l.