Nani Anayesema "Mimi"?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu nchini Kenya hujua mapema namna ya kumridhisha mtahini. Likija dondoo, ataeleza muktadha wake: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Kisha atapanga maudhui na sifa za wahusika, kila hoja na mfano wake. Utambulisho na utamaduni huingizwa katika orodha hiyo hiyo, baina ya ndoa na elimu. Hapo ndipo kijana anapopunjwa. Riwaya hulijibu swali la "mimi ni nani" kwa namna ilivyosukwa, na asiyefundishwa kuutazama msuko huo hupitwa na jibu.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996 na baadaye ikatahiniwa katika shule za upili. Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga aliyezaliwa nje ya ndoa, anafiwa na mamake, mwimbaji Zainabu Makame, kisha anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Kisa hiki kingesimuliwa katika nafsi ya tatu, tungepata yatima wa kuhurumiwa. Walibora amemwachia Kongowea usemi, na mara moja "mimi" anakuwa watu wawili: kijana anayetangatanga, na mtu mzima anayekumbuka. Kijana hajui baba yake ni nani. Msimulizi anajua tangu ukurasa wa kwanza, na ananyamaza. Mwalimu angewaomba wanafunzi watafute mahali ambapo mkumbukaji anajua zaidi ya anavyosema, wangeona kwamba utambulisho hapa unajengwa na kuchelewesha: anayeamua lini tuambiwe asili yake ni yule yule ambaye wengine walidhani hana asili.

Kuna pia lugha yenyewe. Kongowea anasimulia kwa Kiswahili kilichopambwa, chenye methali nyingi, pengine kupita kiasi. Mapambo hayo yasipewe tu majina ya tashbihi na takriri halafu tukasonga mbele. Mtoto asiye na baba wa kumtaja anajitaja kwa ufasaha, na mama aliyeishi kwa kuimba anaendelea kusikika katika sentensi za mwanawe. Huo ndio urithi wake, nao hauhitaji kuthibitishwa na mzee yeyote.

Kinachonivutia zaidi ni mwelekeo wa safari. Walibora alikulia Cherangany, karibu na Kitale. Angeweza kumtoa kijana wa bara akampeleka pwani kushangaa bahari. Amegeuza: anamleta mgeni kutoka Tanga hadi kwao mwandishi, na yale aliyoyazoea tangu utotoni anatulazimisha tuyatazame kwa macho ya mtu ambaye hayajui.

Mbinu hiyo inafundishika. Insha ya methali, yenye alama 20, humfikisha mwanafunzi kwenye mwisho uliokwisha kuamuliwa na methali yenyewe. Apewe kazi nyingine: asimulie mtaa wao kwa nafsi ya kwanza ya mgeni aliyeshuka kwenye matatu asubuhi hiyo, wala asieleze desturi hata moja. Mgeni aulize, akosee, akae kwenye kiti cha babu bila kujua. Desturi itajitokeza kwenye kosa lake, na mwandishi atagundua ni mambo mangapi hajawahi kuyaona kwao.

Mwanafunzi wa Nairobi atakwama mapema zaidi. Wenyeji wa mtaa wake husema Sheng, na kalamu nyekundu inamngoja. Asiwanyamazishe. Waseme Sheng katika mazungumzo, msimulizi abaki na Kiswahili sanifu, kisha mwalimu asahihishe kwa kuuliza pembeni mwa daftari: huyu anayesimulia ana umri gani sasa, anamsimulia nani, na kwa nini yeye hasemi kama wenzake?