Metali Yenye Miadi

Mhunzi husifiwa kwa kudumu kwa kazi yake. Jembe lililorithiwa, bawaba iliyobeba mlango tangu enzi za babu, nanga iliyolala baharini miaka na miaka ikatoka na makucha yake kamili: hizo ndizo shahada zake. Mimi nataka kuwasifu mafundi wa namna nyingine, ambao kazi yao ikikutwa mahali pake baada ya wiki chache, wameshindwa.

Kazi yao iko chini ya ardhi ya Texas na Dakota Kaskazini, Marekani, katika visima vya mafuta na gesi vinavyoshuka kilomita tatu hivi, kisha vikapinda na kulala ubavu kwa kilomita nyingine tatu ndani ya mwamba. Mwamba huo una mafuta lakini hauyaachii. Hupasuliwa kwa maji na mchanga, sehemu baada ya sehemu, kuanzia ncha ya kisima kurudi nyuma. Sehemu moja ikishapasuliwa hutengwa kwa kizibo, na goroli hutumwa kwenda kukaa kwenye tundu la kizibo hicho, ili maji yaelekee sehemu inayofuata. Kisima kimoja chaweza kuwa na vizibo 40 au 50. Shinikizo linaloviangukia hufika paundi 10,000 kwa inchi ya mraba, na tairi la gari dogo hujazwa 30 tu.

Zamani kazi ikiisha, vizibo vilisagwa kimoja kimoja kwa keekee iliyofungwa kwenye ncha ya bomba refu jembamba. Shida iko kwenye ule ubavu. Bomba likisukumwa mbali mno hujisokota ndani ya kisima, likakwaruza kuta, na mwishowe hukwama hata lisukumwe kwa nguvu gani. Kwa hiyo kizibo cha mbali kabisa ndicho kilichosumbua kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni za huduma za visima, Baker Hughes ikiwemo, zikaanza kuuza goroli zinazojimaliza zenyewe. Vizibo kamili vikafuata.

Metali iliyochaguliwa ni magnesi. Ni nyepesi, na ina pupa ya kuungana na maji. Ila ikiguswa na maji hujivika utando wa hidroksidi, kitu kile kile cheupe kilichomo katika baadhi ya dawa nzito za kiungulia, na utando huo huikinga kwa muda. Chumvi huutoboa. Tena kama ndani ya magnesi mna chembe za nikeli, shaba au chuma, kila chembe hugeuka upande mmoja wa betri ndogo. Umeme hupita baina yake na magnesi iliyo jirani, na magnesi ndiyo inayoliwa.

Jambo hilo lilijulikana kitambo. Mwaka 1942 J. D. Hanawalt na wenzake wa kampuni ya Dow, huko Michigan, walionyesha kwamba nikeli ikizidi sehemu 5 hivi kati ya milioni, magnesi huliwa na maji ya chumvi kwa kasi kubwa. Tangu hapo wasubuji wakaifanya nikeli adui. Walisafisha tanuri, wakachuja madini, wakabuni aloi safi zaidi ili magnesi iaminike kwenye ndege na magari. Miaka 70 baadaye wakaja hawa, wakaichukua nikeli ile ile na kuirudisha tanurini kwa makusudi. Orodha ya makosa waliisoma kama maelekezo ya kazi. Hapo ndipo ninapovua kofia.

Wala si kazi ya kutupia tu. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, ilhali magnesi huchemka ikawa mvuke kwenye 1,091. Ukingoja nikeli iyeyuke, magnesi imeshakwenda. Bahati njema ni kwamba magnesi iliyoyeyuka huimumunya nikeli hata kwenye joto la chini zaidi. Lakini nikeli ina uzito mara tano ya magnesi, hivyo hupenda kuzama, na fundi hana budi kukoroga huku akiikinga hewa isiguse uso wa uji ule, maana magnesi ikishika moto hutoa mwanga mweupe unaoumiza macho. Akikoroga vibaya, chembe zitajazana upande mmoja: huku kizibo kitalika mapema, kule kitabaki kigumu.

Mkerezaji naye ana taabu zake. Maji ya kupoozea yanaweza kuanza kuila kazi yake ingali kwenye mashine, na vumbi la magnesi likiwaka halizimwi kwa maji, kwa sababu maji huzaa hidrojeni na moto ukapamba zaidi. Kizibo kikikamilika hufungwa kwenye mfuko usiopitisha unyevu.

Kabla ya hapo kipande cha aloi kimepimwa maabara. Hutiwa kwenye maji ya kloridi ya potasiamu yenye moto wa nyuzi 93. Viputo hupanda mara moja, maji hupata ukungu mweupe, na kipande hutoka na ngozi nyeusi inayopukutika. Hupimwa uzito kila baada ya muda, kuona ni miligramu ngapi zimeondoka katika kila sentimita ya mraba kwa saa.

Kinachonivutia kuliko vyote ni saa yenyewe inavyoanza kuhesabu. Maji yanayopigwa kutoka juu ni ya baridi, na yanapopita huupoza mwamba, hivyo wakati kizibo kinapohitajika zaidi ndipo ulikaji unapokwenda polepole. Pampu zikizimwa, mwamba hurudisha joto lake na metali huanza kuliwa kwa kasi. Goroli haihitaji hata kuisha: ikipungua milimita chache tu hupenya tundu lililokuwa likiizuia.

Si kila mara mambo hunyooka. Kisima chenye maji matamu au joto hafifu hukiacha kizibo kikikaa kupita muda wake, na penye joto kali na chumvi nyingi huachia mapema. Upasuaji wenyewe wa miamba una wapinzani wenye hoja nzito za maji na tabianchi, na Ufaransa iliupiga marufuku mwaka 2011. Hoja hizo zastahili kusikilizwa hadi mwisho, na ustadi wa wasubuji hauzijibu.

Lakini ustadi huo haukomei kisimani. Mwaka 1878 daktari Mmarekani Edward Huse alifunga mishipa inayovuja damu kwa nyuzi za magnesi, akazitazama zikitoweka mwilini. Leo ziko skrubu za magnesi za kushikilia mifupa. Humo nikeli hufukuzwa tena, kwa kuwa ni sumu, na miadi hurefushwa kwa miezi mingi hadi mfupa uunge.

Kijana unayesomea uhandisi wa vyuma, usiiruke sura ya ulikaji ukidhani ni habari za kutu na rangi tu. Ianze hiyo.