Steringi Hafi: Klimov na Hesabu ya Vita

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua kanuni: steringi hafi. Risasi zinamkwepa, maadui wanalala mmoja baada ya mwingine, na mwishoni anatoka na mkwaruzo shavuni. *Come and See*, filamu ya Kisovieti ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Elem Klimov, inaifuata kanuni hiyo mpaka dakika ya mwisho. Flyora, mvulana wa Belarus anayefukua bunduki mchangani mwaka 1943 ili akajiunge na wapiganaji wa msituni, hafi. Wanakufa wengine. Ila Klimov ameitengeneza filamu kwa namna ambayo kubaki hai kwa Flyora ndiko kunakotuonyesha vita inamgharimu mtu nini.

Skripti aliiandika pamoja na Ales Adamovich, ambaye alipigana msituni akiwa bado kijana, na baadaye akazunguka Belarus na waandishi wenzake wawili kurekodi masimulizi ya walionusurika katika vijiji vilivyochomwa. Klimov naye alihamishwa kutoka Stalingrad utotoni, mji ukiwaka moto. Watu hawa hawakuwa na haja ya kubuni ukatili. Kazi ngumu ilikuwa kupima: waonyeshe kiasi gani kabla mtazamaji hajafumba macho?

Walianzia kwenye sauti. Ndege zinapoishambulia kambi ya msituni kwa mabomu, masikio ya Flyora yanaziba, na kuanzia hapo tunasikia kama anavyosikia yeye: mlio mwembamba usiokatika, na maneno ya Glasha, msichana aliyebaki naye, yakitufika hafifu na yamevurugika. Filamu nyingi hutumia mbinu hii kwa sekunde chache, kisha kila kitu kinarudi sawa. Klimov anaiacha iendelee hadi tukio linalofuata. Kwa kuwa hatusikii vizuri, tunayategemea macho zaidi, na macho ndiyo yatakayotuponza.

Flyora anampeleka Glasha nyumbani kwao. Hakuna mtu. Jikoni kuna supu ambayo bado ina uvuguvugu, wanakaa wanakula. Vidoli vya wadogo mapacha wa Flyora vimelala sakafuni. Nzi wanavuma, na mvumo wao unazidi. Glasha ameshaanza kuelewa. Flyora hataki kuelewa. Anakurupuka akisema kwamba anajua walikojificha, kwenye kisiwa katikati ya kinamasi, na wote wawili wanatoka mbio. Hapo Glasha anageuza shingo mara moja. Nyuma ya nyumba, ukutani, miili imerundikana. Tunaiona kwa muda ule ule anaoiona yeye, kwa mbali, akiwa anakimbia. Kamera hairudi nyuma kuhakikisha. Flyora hajaona kitu.

Kinachofanyika hapa ni ugawaji wa habari. Glasha anajua, sisi tunajua, mwenye msiba hajui. Halafu Klimov anawaingiza kwenye kinamasi, tope zito linalowazuia kila hatua, na anatulazimisha kumtazama Flyora akihangaika kulivuka ili amfikie mama ambaye sisi tayari tumeshamuaga. Kamera ingesogezwa kwenye ile miili, tungeshtuka, na mshtuko una tabia ya kuisha upesi. Badala yake tumekabidhiwa siri nzito, na tunaibeba mpaka ng'ambo ya tope.

Mbinu hiyo hiyo ya kuchagua pa kusimama inaonekana katika kijiji cha Perekhody, ambako wanajeshi wa Kijerumani na vibaraka wao wanawasukumia wanakijiji ndani ya jengo la mbao. Mpiga picha, Aleksei Rodionov, alitumia Steadicam, kifaa kinachoifunga kamera mwilini mwa anayeibeba ili aweze kutembea nayo bila picha kutikisika. Kwa hiyo kamera inasongwa na watu kama Flyora anavyosongwa. Inatangazwa kwamba anayetaka kutoka atoke, lakini watoto wabaki. Flyora anapenya dirishani, nasi tunajikuta nje. Moto unapowashwa, hatuonyeshwi mtu akiungua. Mayowe yanatoka ndani, huku macho yetu yakiwa kwa wauaji wanaocheka na kupiga makofi. Tukio hili halikutoka hewani: huko Khatyn, tarehe 22 Machi 1943, watu 149 waliuawa, 75 kati yao wakiwa watoto.

Baadaye wanajeshi wanampigisha Flyora magoti, wanamwekea bastola kichwani na kupiga picha ya ukumbusho. Picha ikishapatikana, wanaondoka na kumwacha. Steringi kanusurika, na kunusurika kwenyewe ni mzaha wa waliomshika.

Baada ya sauti na mahali pa kusimama, nguzo ya tatu ni uso. Filamu ilipigwa kwa miezi kama tisa, matukio yakifuatana kwa mpangilio wa hadithi, jambo ambalo waandaaji wengi hulikwepa kwa sababu linakula fedha. Aleksei Kravchenko, aliyemwigiza Flyora, alikuwa na miaka 14 na hakuwa mwigizaji wa kazi. Kila baada ya muda Klimov anamweka mbele ya lenzi, uso ukiijaza fremu, macho yakitutazama sisi. Kwa kuwa fremu inajirudia, tunapata kipimo: yule aliyeanza akitabasamu kwa furaha ya kupata bunduki sasa ana mikunjo ya mzee. Vipodozi vimesaidia, bila shaka. Lakini vipodozi bila ile fremu inayojirudia vingebaki vipodozi tu.

Kuna mahali pa kumhoji Klimov. Kravchenko amesimulia kwamba risasi za moto zilitumika na zilikuwa zikipita karibu na kichwa chake. Katika tukio la ng'ombe anayepigwa risasi uwandani, kinachomgandisha mtazamaji ni jicho la yule mnyama likihangaika kwa karibu. Mistari ya mwanga ya zile risasi ingeweza kutengenezwa kwa njia salama bila picha kupungukiwa. Filamu inayomtetea mtoto dhidi ya vita haikupaswa kumweka mtoto kwenye mstari wa risasi.

Karibu na mwisho, Flyora anaifyatulia risasi picha ya Hitler iliyotupwa dimbwini. Kwa kila risasi, mkanda wa kumbukumbu za kihistoria unarudi nyuma: majengo yanainuka kutoka kwenye vifusi, majeshi yanatembea kinyumenyume, Hitler anazidi kuwa kijana, mpaka anabaki mtoto mchanga mapajani mwa mama yake. Flyora anashindwa kufyatua. Karibu na hapo ndipo maandishi yanapotueleza kwamba vijiji 628 vya Belarus vilichomwa pamoja na wakazi wake wote. Takwimu hiyo ingetangulia mwanzoni, ingekuwa somo la historia. Ikija baada ya zaidi ya saa mbili na uso mmoja, mtazamaji ana cha kuizidishia. Na katika mkanda wote ule unaorudishwa nyuma, uso wa Flyora peke yake haurudi ulivyokuwa.